Pindo, mji na jina: kuisoma grafu kama kanga

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo ni ukingo unaozunguka pande zote nne, mji ni uwanja wa katikati, na jina ni maneno yanayokaa ndani ya mji, upande wa chini, juu kidogo ya pindo. Kipande kimoja kina urefu wa karibu mita moja na nusu na kimo cha mita moja na kitu, na vipande viwili vinavyofanana ndiyo doti. Haya anayajua kila mtu, Unguja na Pemba. Kuna jambo jingine ambalo halikuandikwa popote kwenye kitambaa na kila mtu analijua vilevile: maana ya kanga haikamiliki mpaka ivaliwe. "Hasidi hana sababu" ikiwa imekunjwa dukani Darajani ni maneno tu. Ikivaliwa na jirani siku ya pili ya ugomvi, akapita nayo mbele ya baraza yako mara tatu kwenda kununua kibiriti, hapo haihitaji mfasiri.

Wazee wana majina ya tabaka hizi: dhahiri na batini. Dhahiri ni linalosomwa, batini ni linaloeleweka. Washairi wetu wamezifanyia kazi zote mbili kwa karne nyingi, na mtu anayechora grafu ya takwimu anazifanyia kazi pia, apende asipende. Tofauti ni kwamba mshairi anajua kuwa ana batini. Mchora grafu mara nyingi anadhani ana dhahiri peke yake: namba kaziingiza kwenye Excel, kabonyeza, nguzo zimetoka, basi. Rangi hakuichagua, ilikuja yenyewe. Mhimili wa vipimo haukuanzia sifuri kwa sababu programu iliona hivyo. Mikoa imejipanga kama ilivyokuwa kwenye jedwali. Msomaji lakini hajui kwamba hayo hayakuamuliwa na mtu. Anayasoma yote, kama anavyosoma kanga, na kila lililomo analihesabu kuwa limekusudiwa.

Tuchukue takwimu chache ambazo yeyote anaweza kuzijaribu mwenyewe: idadi ya watu wa mikoa mitano ya Zanzibar, sensa ya 2012 na sensa ya 2022.

Mjini Magharibi: 593,678, kisha 893,169.
Kaskazini Unguja: 187,455, kisha 257,290.
Kusini Unguja: 115,588, kisha 195,873.
Kaskazini Pemba: 211,732, kisha 272,091.
Kusini Pemba: 195,116, kisha 271,350.
Zanzibar yote: 1,303,569, kisha 1,889,773.

Namba kumi na jumla mbili. Ni chache, lakini ugomvi wa kutosha umo ndani yake.

Jina kwanza

Kanga huchorwa ikiwa na jina lake. Grafu nyingi huchorwa kwanza, jina likatafutwa mwisho, na ndiyo maana nyingi zinaitwa "Idadi ya Watu kwa Mkoa, 2012 na 2022". Hilo si jina, ni lebo ya gunia. Linataja kilichomo lakini halisemi kitu. Fikiria kanga iliyoandikwa "Kitambaa cha pamba, rangi mbili."

Kutoka kwenye namba zile zile yanatoka majina matatu, na yote ni ya kweli. La kwanza: "Kusini Unguja imekua kwa kasi kuliko mikoa yote, asilimia 69.5 kwa miaka kumi." La pili: "Zaidi ya nusu ya watu walioongezeka wako Mjini Magharibi" (299,491 kati ya 586,204). La tatu: "Kaskazini Pemba imekua polepole kuliko mikoa yote, asilimia 28.5." Mwekezaji wa hoteli za Paje atalipenda la kwanza, mpangaji wa mabomba ya maji atalitaka la pili, na la tatu litaamsha mjadala Wete na Konde. Lazima uchague moja kabla ya kuchora, kwa sababu kila jina linadai mji wake, yaani umbo lake la mchoro.

Jina la pili linataka nguzo za nyongeza: ni watu wangapi waliongezeka kila mkoa. Jina la kwanza na la tatu yanazungumzia kasi, kwa hiyo yanataka kila mkoa uanzie mahali pamoja. Ipe 2012 thamani ya 100 kwa mikoa yote. Weka mistari miwili ya wima, kushoto 2012, kulia 2022, kisha unganisha. Mistari mitano inaondoka kwenye nukta moja ikitawanyika kama vijiti vya upepeo: Kusini Unguja inafika 169.5, Mjini Magharibi 150.4, Kusini Pemba 139.1, Kaskazini Unguja 137.3, Kaskazini Pemba 128.5. Andika jina la mkoa mwishoni mwa mstari wake, ufunguo wa pembeni hauhitajiki. Pale 139.1 na 137.3 maandishi yatagongana. Sogeza moja juu na jingine chini kwa milimita mbili tatu, usipunguze herufi.

Kosa kubwa hapa ni kuvisha jina la kwanza kwenye mji wa mwingine. Ukiandika kuwa Kusini Unguja imekua kwa kasi kuliko wote, kisha ukachora nguzo za idadi, msomaji ataziona nguzo za Kusini Unguja ndizo fupi kuliko zote, mwaka 2012 na mwaka 2022. Jicho linasema hivi, maneno yanasema vile. Hatafanya hesabu kuwapatanisha. Atahisi tu kuwa kuna mtu anamzunguka.

Kanga inaweza kumudu fumbo kwa sababu mwenye kanga yupo, na ukitaka kumuuliza unaweza, kama una ujasiri. Grafu haina mwenyewe. Inasafiri peke yake kutoka simu hii hadi ile. Kwa hiyo jina la grafu liwe sentensi nzima yenye kitenzi, maneno kumi hadi kumi na tano, na jambo linalotajwa lionekane kwa jicho bila kikokotoo.

Mji: umbo linalobeba namba

Mwaka 1967 mchora ramani Mfaransa, Jacques Bertin, alizihesabu njia saba za kuibebesha alama maana: mahali ilipo, ukubwa, weusi na weupe wake, mkwaruzo wa ndani, rangi, mwelekeo na umbo. Mwaka 1984 Wamarekani wawili, William Cleveland na Robert McGill, waliwapima watu kwa majaribio ili kuona ni zipi jicho linazisoma kwa usahihi. Mahali kwenye kipimo kimoja kilikuja juu kabisa, urefu ukafuata chini yake, kisha pembe, kisha eneo, na rangi kukoza au kupauka ikawa huko mkiani. Mpangilio huo ndio msingi wa karibu kila shauri lenye maana katika kazi hii.

(Skulini nguzo za grafu huitwa mihimili. Hapa nasema nguzo, ili neno mhimili libaki kwa mstari wa vipimo.)

Nguzo inasomwa kwa urefu, na urefu una maana pale tu unapoanzia sifuri. Tazama Pemba. Kaskazini ina watu 272,091, Kusini 271,350, tofauti ya watu 741, chini ya theluthi moja ya asilimia. Mhimili ukianzia sifuri, nguzo mbili zinalingana kama doti. Ukiuanzishia 271,000, nguzo ya Kaskazini inabaki na 1,091 na ya Kusini 350, yaani ya Kaskazini inasimama mara tatu ya mwenzake. Hakuna namba iliyodanganywa, na vipimo vyote vimeandikwa pembeni. Bado mtu wa Chake Chake atakuuliza watu wake umewapeleka wapi, na atakuwa na haki. Programu nyingine hufanya hivi zenyewe namba zinapokaribiana, kwa hiyo uhakikishe kwa macho kila mara. Grafu ya mistari haibanwi na sheria hii, maana mstari unasomwa kwa mahali na mteremko. Ile ya 100 hadi 169.5 inaweza kuanzia 100 bila kumwonea mtu.

Maduara kwenye ramani yana mtego wake. Mjini Magharibi ina watu mara 4.56 ya Kusini Unguja. Duara la Kusini likiwa na nusu kipenyo cha milimita 10, mchoraji wa haraka ataipa Mjini milimita 45.6, na eneo la duara litakuwa limekua karibu mara 21. Inayotakiwa ni kipeuo cha pili cha uwiano, yaani 2.14, na nusu kipenyo kiwe milimita 21.4. Hata ukifanya sawa, jicho hupunja eneo kubwa: kitu kilicho mara nne huonekana kama mara mbili na nusu na kidogo. Kwa hiyo andika namba ndani ya duara, usimwachie msomaji akisie.

Ramani iliyopakwa rangi ina mtego mbaya zaidi, kwa sababu inaonekana haina hatia. Mjini Magharibi ina karibu kilomita za mraba 230, na Kusini Unguja karibu 850. Kwa watu, Mjini ni asilimia 47.3 ya Zanzibar na Kusini ni 10.4. Ukipaka mikoa kwa idadi ya watu, pande kubwa la ramani linabeba watu wachache na kipande kidogo cha magharibi kinabeba karibu nusu yao, na jicho linaloamini eneo linaelewa kinyume. Ukitaka kupaka rangi, paka msongamano: karibu watu 3,900 kwa kilomita ya mraba Mjini Magharibi, karibu 230 Kusini Unguja. Ukitaka idadi, tumia maduara.

Na Pemba je? Kati ya visiwa viwili kuna bahari ya kilomita 50 hivi, na ukiichora yote nusu ya karatasi inakuwa maji. Kwa hiyo Pemba hung'olewa ikawekwa kwenye kisanduku pembeni ya Unguja, mara nyingi kwa skeli yake yenyewe. Ikikuzwa inaonekana sawa na Unguja, ilhali kwa eneo ni kama sehemu tatu kati ya tano tu. Ikipunguzwa inaonekana kiongezo. Kisanduku chenyewe, na mstari wake mzito mweusi, kinasema kitu ambacho hakuna aliyekusudia kukisema. Dawa si ngumu: skeli moja kwa vyote viwili, Pemba ibaki juu kulia kwa Unguja kama ilivyo kwa Mungu, bahari ikatwe kwa mstari mwembamba wa nukta nukta, na iandikwe kando kwamba umbali umefupishwa.

Grafu ya duara sitaitukana kama wengine wanavyofanya. Kwa mikoa hii vipande vitatu, Kaskazini Pemba 14.4, Kusini Pemba 14.36 na Kaskazini Unguja 13.6, haviwezi kutofautishwa kwa jicho. Lakini kama jina lako ni "Karibu nusu ya Wazanzibari wanaishi Mjini Magharibi", duara linalisema mara moja, kwa sharti vipande vingine vinne uvipake kijivu.

Rangi hazina utupu

Kiswahili kina rangi tatu zenye maneno yake yenyewe: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Nyingine nyingi tumeziazima kutoka kwenye vitu: kijani ni jani, manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa, kijivu ni majivu. Rangi inapotajwa, kitu chake kinakuja nacho, na hiyo ni neema kwa mchoraji anayeitumia vizuri. Grafu ya karafuu yenye sehemu mbili, mbichi na kavu, haihitaji ufunguo kwa mtu wa Pemba kama mbichi ni kijani na kavu ni kahawia iliyokoza. Makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yapate kahawia iliyopauka. Zigeuze, kavu iwe kijani, na kila anayeitazama atalazimika kurudi kwenye ufunguo kila baada ya sekunde tano, kwa kuwa amewahi kuanika karafuu na wewe unamwambia macho yake yamekosea.

Nyekundu kwenye grafu za afya ni hatari. Lakini nyekundu ya kisutu, pamoja na nyeusi na nyeupe yake, ni ya harusi, na kisutu ndiyo kanga isiyohitaji jina kwa sababu rangi zimeshasema. Kwa hiyo nyekundu haina maana moja. Maana yake inatoka kwa jirani yake. Weka nyekundu kando ya kijivu, itasema "tazama hapa". Weka kando ya kijani, itasema "hiki kibaya, kile kizuri".

Kisha kuna lile ambalo mchoraji aliyesomea mbali halijui. Kijani na njano ni CCM. Zambarau ni ACT-Wazalendo. Chora ramani ya shehia inayoonesha zilizopata vyandarua na zisizopata, tumia kijani na zambarau kwa sababu programu imezipendekeza (na kwa kweli ni rangi zinazotofautika vizuri), kisha ipeleke kwenye maskani yoyote, yaani kijiwe cha siasa. Kabla mtu hajasoma mstari mmoja, viti vimeshahesabiwa. Utaeleza mpaka jua lizame kuwa ni vyandarua. Bendera ya Zanzibar nayo ina buluu, nyeusi na kijani, na mpangilio huo wa milia mitatu ukijitokeza kwa bahati kwenye nguzo zako, karatasi inavaa sura ya tamko la serikali.

Kinachobaki ni kingi kuliko inavyodhaniwa. Kwa ramani, chukua rangi moja, tuseme buluu ya bahari, kutoka hafifu hadi iliyokoza, madaraja yasizidi matano. Zaidi ya hapo hakuna anayeweza kulinganisha kipande cha Micheweni na kisanduku cha ufunguo akawa na uhakika. Kwa mgawanyiko wa juu na chini ya wastani, chungwa kwa buluu. Na kwa nguzo na mistari, njia ninayoiamini kuliko zote: kila kitu kijivu, isipokuwa kile kilichotajwa kwenye jina. Kama jina linasema Kusini Unguja, mstari wa Kusini Unguja upate rangi na unene wa mara mbili, wengine wanne wawe kivuli chake.

Halafu kuna fotokopi. Ripoti itachorwa kwa rangi, itachapishwa nakala moja kwa rangi, na nakala 40 za kikao zitatoka nyeusi na nyeupe. Kanuni ya kawaida ya kugeuza rangi kuwa kijivu huchanganya takriban sehemu 0.299 ya nyekundu, 0.587 ya kijani na 0.114 ya buluu, kila moja ikipimwa kwenye kompyuta kutoka 0 hadi 255. Nyekundu kali (255, 0, 0) inatoa 76. Kijani cha wastani (0, 128, 0) kinatoa 75. Yaani rangi mbili ambazo watu huziona kuwa maadui zinatoka kwenye mashine zikiwa pacha, na ukurasa wa "yaliyotimia na yasiyotimia" unakuwa nguzo za kijivu kimoja. Jaribio la dakika moja kabla ya kutuma: geuza picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu. Kama huwezi kusoma, na wao hawataweza. Jaribio hilo hilo linawalinda wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani, ambao hawatakwambia, pengine hata wenyewe hawajui. Na maandishi ya njano juu ya karatasi nyeupe yaachwe kabisa. Maandishi ya kawaida yanataka tofauti ya mwanga ya 4.5 kwa 1, na njano tupu juu ya nyeupe haifiki 1.1.

Pindo: pale makosa yanapojificha

Mihimili, vipimo, tarehe, chanzo: hili ndilo pindo la grafu, na watu hulichukulia kama mapambo. Kwenye kanga pindo linaweza kuwa zito kuliko mji na ikapendeza. Kwenye grafu liwe jembamba na lipauke, mistari ya ndani minne au mitano ya kijivu hafifu inatosha. Lakini maneno yake yasikosewe, kwa sababu hapa ndipo msomaji wa Kiswahili hupotezwa bila mwenyewe kujua.

Chukua grafu ya maji kupwa na kujaa kwa ajili ya wakulima wa mwani wa Jambiani au Paje. Mhimili wa chini umeandikwa 0, 2, 4, 6 mpaka 24. Kwa mchoraji, 4 ni alfajiri mapema. Kwa msomaji, 4 ni saa nne, jua limeshapanda, na kwa saa za kizungu ni 10:00. Tofauti ni saa sita. Mzunguko wa maji, kutoka kujaa hadi kujaa tena, ni saa 12 na dakika 25 hivi, na nusu yake ni saa sita na kidogo. Kwa hiyo kosa hili halimchelewesha mkulima tu, linamgeuzia bahari: anapotegemea maji yametoka, yamejaa. Siku za bamvu, yaani za maji makubwa, pwani yetu maji hutoka sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na tofauti ya kina inafika takriban mita 4, kwa hiyo kamba za mwani na mtu mwenyewe viko mahali pasipofaa. Usiandike namba tupu. Andika "saa 4 asubuhi", na chini yake kwa herufi ndogo "10:00". Na kwa kuwa bamvu hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ongeza mstari wa tarehe za mwezi wa Kiislamu chini ya tarehe za kawaida. Wavuvi na wakulima wengi wanahesabu kwa huo, na kilele cha grafu kikikaa karibu na tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi huo, mchoro unathibitishwa na ujuzi walionao tayari. Hakuna mapambo yanayoongeza imani kuliko hayo.

Mwezi huo huo unaharibu grafu za bei. Ramadhani husogea nyuma karibu siku 11 kila mwaka wa kawaida. Mwaka 2023 ilianza katika kumi la mwisho la Machi, kwa hiyo Machi ile ilikuwa na siku tisa hivi tu za mfungo. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni kabisa mwa Machi ikaumaliza mwezi. Ukilinganisha bei ya majimbi, ndizi mbichi au muhogo, Machi kwa Machi, unalinganisha siku za kawaida na siku za futari. Mstari utapanda, jina litaandikwa "Bei zimepanda", na sababu yenyewe haimo kwenye mchoro. Njia mbili zinafaa. Ama ulinganishe Ramadhani kwa Ramadhani na mfunguo mosi (mwezi unaofuata Ramadhani) kwa mfunguo mosi, ama ubaki na miezi ya kawaida na upake ukanda wa kijivu hafifu nyuma ya mstari, kila mwaka mahali pake, ulioandikwa "Ramadhani" mara moja tu. Ya pili ni bora, kwa sababu msomaji anauona ukanda ukitembea kushoto mwaka hadi mwaka na anaelewa mwenyewe.

Vipimo navyo. Mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi ya karafuu mbichi. Mnunuzi hununua kavu kwa kilo. Kilo tatu za mbichi hutoa karibu kilo moja kavu, na pishi ni kipimo cha ujazo, si cha uzito. Mtu akichora mistari miwili kwenye grafu moja, pishi zilizochumwa kwenye mhimili wa kushoto na kilo zilizouzwa kwenye mhimili wa kulia, mistari itakatana mahali fulani, na kila kikao kitajadili pale ilipokatana. Pale hapana kitu. Nyosha mhimili wa kulia kidogo tu, makutano yanahamia mwezi mwingine. Nashauri usitumie kabisa mihimili miwili ya vipimo tofauti. Weka grafu mbili, moja juu ya nyingine, miezi ikilingana.

Upande wa kusoma utajwe pia. Majina ya kanga za zamani yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, kulia kwenda kushoto, na watu wengi hapa walianza kusoma chuoni, yaani madrasa, kabla ya skuli. Picha mbili za "kabla" na "baada" bila mshale zinategemea bahati. Andika neno juu ya kila moja.

Kuvaliwa

Grafu iliyochorwa kwa upana wa karatasi ya A4 iliyolazwa, milimita 297, ikifunguliwa kwenye simu yenye kioo cha sentimita 7, inapungua mara 4.2. Herufi za pointi 10 zinakuwa pointi 2.4, yaani vumbi. Ili zifike pointi 7 kwenye simu, zianzie karibu 30. Watu wakiambiwa hivi hushtuka, lakini ndiyo hesabu, na ndiyo sababu ni bora kuchora toleo la pili la wima kwa WhatsApp kuliko kuisukuma ile ya ripoti. Kwa toleo la wima, nguzo zilale, kwa kuwa "Kaskazini Unguja" na "Mjini Magharibi" ni majina marefu na yakisimamishwa wima chini ya nguzo msomaji anapinda shingo. Ukutani kwa sheha hesabu ni nyingine: kwa kukisia, kimo cha herufi kisipungue sehemu moja ya 200 ya umbali. Aliyekaa mita tatu anataka herufi za milimita 15. Na chanzo kiandikwe ndani ya picha yenyewe, "Sensa ya Watu na Makazi 2022", kisiachwe kwenye ujumbe ulio chini yake, kwa sababu picha itapelekwa mbele na ujumbe utabaki nyuma.

Mwisho kuna jaribio, na halina gharama. Usimwulize mtu "umeelewa?" Kwa adabu za kwetu jibu ni ndiyo, hasa akiwa mkubwa wako au mgeni wako. Funika jina kwa kidole, mwoneshe mji na pindo, kisha mwombe akipe mchoro jina, kama watu wanavyobahatisha jina la kanga iliyokunjwa. Fanya kwa watu watatu ambao hawakuwepo ulipochora: mmoja Mjini, mmoja Pemba, mmoja aliyekuzidi umri. Jina lao likikaribia lako, toa kidole. Likiwa jingine lakini la kweli, huenda ndilo zuri zaidi, lifikirie. Wakikaa kimya, mji umebeba vingi mno. Na mmoja akikuuliza, "Hii ya uchaguzi?", rudi kwenye rangi.